Pumzi za Kimya

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Natumaini kidonda cha upasuaji kimekauka, na kwamba sasa unafika mlangoni bila kushika ukuta. Sisi huku wazima. Wajukuu wako shuleni, na yule wa mwisho ameng'oka meno ya mbele, akiulizwa jina lake anapuliza kama filimbi. Wanakuulizia kila siku. Mimi pia ni mzima wa mwili. Ya moyoni utayasoma, maana barua hii nimeianza na kuichana mpaka mume wangu, mwanao, akaniuliza kama siku hizi nashona karatasi badala ya nguo.

Nianze na Kimya. Unakumbuka alivyokuganda tangu siku uliyotoka hospitali ukaja kuuguzwa kwetu. Mbwa aliyepewa jina hilo na mwanao kwa sababu habweki hata mwizi akimruka, alihama mlangoni akaenda kulala chini ya kitanda chako, asitoke ila kwa kula. Daktari alikuagiza upumzike kila mchana, mguu juu ya mto. Na chumba chako na sebule ninayoshonea vinatenganishwa na pazia tu.

Ndipo ile sauti ilipoanza. Ilikuwa inakwaruza, inapanda, inakwama, kisha inaishia kwa mluzi. Mwanzoni wateja walijifanya hawasikii, baadaye wakaanza kufinyana. Nikakuambia kwa upole, au niliuita upole, kwamba labda ulalie ubavu. Ukanijibu kwamba si wewe, ni Kimya. Ana kitu puani, hata akiwa macho anavuta pumzi kwa shida na kupiga chafya, afadhali tumwite daktari wa mifugo. Mama, sikuinua hata pazia kutazama. Nilijisemea kwamba mkosaji hakosi kisingizio, na asiyeweza kujitetea ndiye anayetwishwa lawama. Nilidhani unamsingizia mbwa.

Kisha akaja yule bibi harusi kupima gauni, na shangazi zake wawili. Sauti siku hiyo ilivuma kuliko siku zote. Shangazi mmoja akauliza kama huko nyuma tuna mashine ya kusaga. Nilikuwa na pini mdomoni. Nilizitoa makusudi, Mama, nikasema, "Tunayo, tena inasaga bure. Leteni mahindi yenu." Walicheka wakashikana mabega. Kicheko kilipotulia nikasikia fimbo yako ikigonga sakafu. Ulikuwa macho, umesimama, na sauti ilikuwa bado inaendelea. Masikio yangu yalisikia vyote viwili. Mimi ndiye sikutaka kuelewa.

Asubuhi yake ulimwambia mwanao kwamba umewakumbuka kuku wako. Alikusihi ubaki, ukacheka tu. Mimi ulinikumbatia mlangoni, ukanishukuru kwa kukutunza.

Sasa sikia nilichokuficha. Mchana uleule ulioondoka, chumba kitupu, kitanda nimekitandika kwa mikono yangu, sauti ilianza. Mteja aliyekuwepo akaacha kuzungumza, akanitazama. Nikamwambia ni pampu ya maji ya jirani. Alipoondoka nikapiga magoti, nikachungulia chini ya kitanda. Kimya alikuwa amelaza kidevu juu ya kandambili ulizosahau, mdomo wazi, kila pumzi anaivuta kama mtu anayepandisha ndoo kisimani.

Mtu mwenye haya angekimbilia simu. Mimi nilimkokota mbwa nikamfungia stoo nyuma ya jiko, ili mwanao asisikie, asije akajumlisha moja na moja. Nilimpelekea chakula na maji kwa siri, na nyumbani nikasema ametoroka. Aliacha kula, damu ikaanza kumtoka tundu moja la pua, nami nikawa nafuta. Nilikuwa nikisubiri apone mwenyewe au afe. Nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Mwanao alimkuta siku alipokwenda stoo kutafuta nyundo. Akambeba begani hadi kwa daktari wa mifugo, mimi nikifuata nyuma. Daktari, mwanamke asiye na maneno mengi, alimwekea kioo kidogo mbele ya pua. Upande mmoja kioo kikapata ukungu, upande wa pili kikabaki kikavu. Akamchoma sindano ya usingizi, akaingiza koleo nyembamba nyuma ya kaakaa, akavuta jani la nyasi, refu, jeusi, linalonuka. Alisema mbwa hula nyasi, na akitapika jani huweza kupotea njia likapanda puani. Lingetolewa mapema asingepata kovu. Sasa limeoza na kula nyama ya ndani, na Kimya atapumua kwa kelele maisha yake yote. Akauliza hali hii imeanza lini. Nikasema juzi. Daktari akanijibu, "Jani hili halikuoza tangu juzi." Mwanao akambeba tena Kimya, akatangulia nyumbani.

Na hilo bado si baya kuliko yote. Wifi, binti yako unayeishi naye huko, alikuwa amenipigia simu, Kimya akiwa angali stoo. Alisema tangu urudi hutaki kulala mchana. Unasinzia kwenye kiti, mlango umefungwa, watoto wake umewafukuzia uani, ili mtu yeyote asikusikie, na mguu umevimba. Aliniuliza kama kuna jambo lilitokea kwetu. Nikamwambia hakuna, wazee hubadilika. Nilijua, Mama. Nilijua kwa nini unakaa kwenye kiti, kwamba kicheko kile kilikufanya uogope hata usingizi wako mwenyewe, na nikakata simu nikaendelea kushona.

Jana nilimweleza mwanao yote. Akasema nikuandikie mwenyewe, yeye haongezi hata nukta. Ningeweza kupiga simu, lakini ningelia, nawe ungeanza kunibembeleza, na kosa lingekuwa lako tena. Bibi harusi alipokuja na shangazi zake kuchukua gauni, nilivuta pazia nikawaonyesha Kimya, nikawaambia nilichokutenda. Hakuna aliyecheka.

Mwanao anakuletea barua hii kwa mkono wake. Mpe wifi aisome kwa sauti, walioko wote wasikie, maana nilikuaibisha mbele za watu. Sikuombi urudi. Ukitaka nije, mwambie mwanao, usiponiita, nitaelewa.

Ninakuomba jambo moja tu, na uanze leo. Toka kwenye kiti. Lala kitandani, mguu juu ya mto, mlango wazi. Hukukoroma, Mama. Na hata ungekoroma, ilikuwa haki yako kulala.

Wajukuu wanakusalimu sana. Wifi mwambie nimemkosea naye pia.

Ni mimi mkamwana wako, nisiyestahili shukrani uliyonipa mlangoni.