Papi za Mashua ya Mjomba Hezekiah

Nyumba za Watumishi,
Hurlingham, Nairobi.
12 Agosti, 1956

Mpendwa Mjomba Hezekiah,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mpwa wako mwenye sura nzuri kuliko wote. Goti lako linaendeleaje? Na Mama Nanjala anakulisha vizuri, au bado mnazozana juu ya tumbako? Mimi ni mzima wa mwili, ila roho imechafuka.

Ni hizi papi za mashua yako. Ulinituma River Road ninunue papi, vile vipande virefu vya mbao vilivyokwisha kukatwa, vyembamba, kama za ile mashua ya misheni uliyoipenda. Nikaona bei ya duka ni wizi. Nikanunua mbao nne pana kwa nusu ya pesa, nikazisukuma kwa mkokoteni mpaka huku nizipasue mwenyewe. Mwanamume aliyefika darasa la nne atashindwa na mbao? Pesa iliyobaki nikakununulia misumari ya shaba.

Nilimwita Nzomo, mpishi wa hapa, anishikie upande wa pili wa msumeno. Upana nikasema uwe kidole gumba, kama unavyopima wewe. Mimi nikaweka alama upande wangu, yeye upande wake, tukavuta uzi wa chaki, tukapasua. Jumapili tatu, Mjomba. Malengelenge niliyonayo, hata kushika kalamu hii ni taabu.

Kila ubao ulipokaribia kwisha, papi ya mwisho ilitoka imechongoka kama mkuki. Wa kwanza nikaulaumu ubao. Wa pili nikalaumu msumeno. Tumemaliza wa nne ndipo nikamtazama Nzomo mikononi. Kidole gumba chake ni kama kiazi. Papi zote ni pana kwake, nyembamba kwangu. Nikamgombeza, naye akasema, “Kidole ni kidole. Kwani ulisema cha nani?” Nikaenda kuazima randa.

Nimezipiga randa zote zilingane na ule upande mwembamba. Zimenyooka, mtu akiziona atasema ni za mashine. Lakini hazitoshi. Ubavu wa mashua utapungua shubiri nzima, na ile ya watu wanane itabeba sita.

Nimeudhika sana, Mjomba. Uliniahidi nafasi katika mashua hiyo, niache kufyeka nyasi za watu. Nilitaka uone kwamba ninafaa.

Sasa sema wewe. Ukitaka ya wanane, ningoje nifanye kazi mpaka Pasaka, nitanunua papi za dukani kwa pesa yangu. Ukitaka kuanza na sita, nitazipakia gari la moshi la Kisumu mara nikipata barua yako, na nafasi yangu mpe ndugu yangu Tobias. Anaogelea kunishinda, ila usimwambie nimekubali.

Nisalimie Nyanya Naliaka, Rael, na huyo Tobias. Mungu awalinde majini na nchi kavu.

Ni mimi mpwa wako anayekupenda, hata ukikasirika,
Isaiah