Kichaka cha Mama Mkwe Kimeingia Dirishani

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi mama mkwe anakuja, na haji peke yake, anakuja na dada zake kutazama kichaka.

Mimi ni fundi makochi, karakana yangu iko uani kwangu, na nilipoposa mama huyu hakunitaka, alisema waziwazi kwamba binti yake amesoma halafu anakwenda kuishi kwenye vumbi la sponji, nikameza, tukaoana, na alipokuja kututembelea mara ya kwanza akaleta mche kwenye kopo, akasema tuupande karibu na mlango, na kweli maua yake yalipendeza, ya njano na ya waridi kwenye kishada kimoja, nikaupanda kwa heshima zote. Mama wee! Kile kitu kilikua kikafunika ngazi, kikaingia dirishani, kina vimiba vinavyochana vitambaa vya wateja, majani yake yanakwaruza kama msasa na ukiyafikicha yananuka vibaya, nami nikaamua kukiua kimyakimya, nikachukua mkasi wa kukatia sponji nikakipunguza mpaka kikawa duara kama stuli, nikajua kimekwisha. Thubutu! Mvua moja tu, kikarudi kinene kuliko kwanza. Nikakata tena, kikazidi, na matawi niliyoyatupa nyuma ya karakana yakaota hukohuko, na sasa miche imeibuka kwenye mboga za jirani, ambaye siku hizi salamu yangu anaijibu kwa kikohozi.

Sasa sikia balaa. Mama mkwe alirudi akakuta lile duara limejaa maua, akanishika mkono, mshauri, yule mama hakuwahi kunishika mkono, akasema, "Mwanangu, kumbe unajua kutunza." Mwanangu! Tangu hapo akipiga simu ananiulizia mimi kwanza, na kwenye ukoo wao mimi ndiye mkwe wa mfano, kumbe nilikuwa nakiua.

Ningekaa nacho hivyohivyo, lakini juzi binti yetu anayeanza kutembea tumemkuta chini ya kichaka, kiganja kimejaa vitunda vya kijani na kimoja kiko mdomoni, mama yake akakitoa kwa kidole, roho zikaturuka. Mke wangu akaniambia, "Baba, king'oe. Na mama utamwambia wewe, sifa si ulipokea wewe?" Alicheka, lakini hatanii. Nikiking'oa narudi kuwa mtu wa vumbi la sponji, nikikiacha nachezea uhai wa mtoto. Nifanyeje?

Fundi wa Stuli ya Majani

*

Fundi,

Nimecheka mpaka chai ikanipalia, halafu nikafika kwenye kiganja cha mtoto nikaacha kucheka. Tuanze hapo. Vitunda hivyo ni sumu, hasa vikiwa vibichi. Kama una shaka hata kidogo kwamba alimeza, weka gazeti chini, mpeleke kwa daktari sasa hivi, na uende na tawi lenyewe aone.

Kwa vimiba, harufu na maua ya rangi mbili, wauza miche mmea huo huuita lantana. Ukitaka uhakika, papasa tawi changa: lina pembe nne. Vitunda vikiiva huwa vyeusi vinavyong'aa, ndege wanameza na kwenda kuvipanda kwa watu bila kubisha hodi. Nawe ukawasaidia! Kila ukikata juu, shina linatoa machipukizi mengine. Wewe ukiletewa kochi lililooza fremu, unabadilisha kitambaa ukasema limepona? Basi hapa umebadilisha kitambaa tu, tena mara kadhaa.

Leo hii toa vichala vyote vya vitunda, vitie kwenye mfuko uufunge, na uzibe njia ya mtoto. Siku ya kung'oa, lowesha udongo, vaa glavu ngumu na shati la mikono mirefu. Kata matawi, acha kisiki cha kushikia, chimba pande zote mpaka kitoke na mizizi. Matawi yakaushe juu ya saruji, usiyatupe tena nyuma ya karakana, tafadhali! Kisha chukua jembe uende kwa jirani, omba radhi, ung'oe miche yako yote. Kila mvua ikinyesha kagua, miche michanga hung'oka kwa vidole viwili.

Sasa mama. Najua unachowaza: uking'oe Ijumaa, usingizie mchwa. Acha! Kiache hadi afike. Mkalishe kwenye kiti ulichokitengeneza kwa mikono yako, mpakatishe mjukuu wake, umweleze ulichomkuta nacho kiganjani. Na habari ya mkasi mwambie yote, dada zake wakicheka, waache wacheke.

Unaogopa atalifuta lile neno "mwanangu". Baba, mimi nami nina mkwe ambaye nilimkataa mbele za watu, na nakwambia mama huyo hakuwa na shida na maua. Alikuwa anatafuta sababu ya kukupenda bila kukiri kwamba alikosea. Basi mpe sababu nyingine: mwombe achague yeye kitakachopandwa kwenye shimo hilo, kisicho na sumu wala miba.

Na ukimwona anakunja mikono ya gauni na kudai jembe, usibishane naye. Mpokee mtoto, umpe glavu zako.