Kijaluba Nilichokiramba

Mkokoni

Kwa mke wangu Bi Mwanaesha,

Salamu nyingi zikufike hapo Mbwajumali, wewe na wote waliomo nyumbani. Goti lako vipi? Na yule mbuzi mweupe amezaa? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, na nguvu ninazo kushinda vijana wote wa huku. Mwandiko huu ni wangu mwenyewe, sikumwomba mtu. Herufi zikipinda zinyooshe wewe. Simu sikutaka, maana yako ukiifungua mpaka jirani wa tatu husikia.

Mke wangu, nimesalitiwa. Nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa watu wa mashua.

Wajua kazi yangu huku ni kuwapikia wageni wanaokuja kukaa kimya na kutafakari. Mwalimu wao ni Bi Helena, mzungu anayefuata ndia ya dini ya Buda, na huwafunza habari ya matamanio. Mwanzo nilicheka. Nikamwambia, "Bi, sisi tuna Ramadhani. Nafsi twaijua tangu utotoni."

Akasema, "Kufunga kinywa ni kuzuri, Bwana Shee. Lakini moyo ukitaka kitu, wewe hufanya nini?"

Hapo akanipata, na wajua mimi si mtu wa kupatikana upesi.

Maana daktari aliponikataza kutafuna tambuu niliapa mbele ya watu kwamba nimeiacha mara moja, kama mtu avuavyo kanzu. Kumbe kila nikimaliza kula, kinywa chaililia. Bi Helena akanifunza: usipigane nayo hamu, wala usiifuate. Kaa, vuta pumzi, iambie "nakuona", uitazame ipandavyo na ishukavyo. Nikajaribu, na ikashuka! Mwenyewe alisema hajapata mwanafunzi kama mimi.

Basi nikamwamini. Nikamwambia jambo ambalo hata wewe sikukwambia. Asubuhi moja hamu ilinishinda. Nikakitoa kijaluba changu cha kuwekea tambuu, kitupu, nikaramba ile chokaa iliyoganda pembeni. Nikaramba mpaka ulimi ukababuka, kama paka kwenye sufuria. Mimi Shee, niliyegawa tambuu kwenye arusi za Pate nzima!

Ijumaa hii wageni wameketi, mimi napanga vikombe vya chai. Namsikia Bi Helena asema Kiingereza chake, mara "tambuu", mara atoa ulimi na kuramba kiganja. Wakacheka kwa huruma, kisha wote wakanigeukia. Kuingia jikoni, Musyoka wa bustani, yule Mkamba, akaniambia, "Mzee, pole kwa ulimi. Nikubandulie chokaa ya ukutani?"

Nikamwendea Bi Helena. "Bi, mimi nilikupa siri."

"Lakini nilikusifu! Hapa hakuna aibu, Bwana Shee. Sote twatamani."

Labda katika nti yao. Kwetu mtu akikufunulia lake, wamfunika. Yeye alinianika kama papa juani.

Na mimi pia lake nalijua. Kila alfajiri humpelekea maji ya moto, na mato yangu bado yaona vizuri. Jioni ile ile akaniita mbele ya wageni nitoe neno. Mke wangu, ulimi uliniwasha kuliko siku ya chokaa. Maneno machache tu, naye angekaa nilipokaa mimi. Nikavuta pumzi. Nikaiambia ile hamu, nakuona. Ikapanda mpaka kooni, masikio yakawaka moto, ikakaa, ikakaa sana. Kisha ikashuka.

Nikasema, "Chakula ki tayari," nikarudi kwenye masufuria yangu.

Sikumsamehe, usije ukadhani. Mwezi ukiisha naacha kazi, narudi nyumbani, wala usinibembeleze nibaki. Lakini ile ilimu sasa ni yangu, na naijua kumshinda aliyenifunza.

Nisalimie mwanetu Swaleh na mkewe, na dada yangu Bi Amina mshona kofia. Imamu wetu mwambie aniwekee nafasi yangu safu ya mbele. Na watu wa mashua wakija na kicheko, waambie mwenyewe ameshakwambia.

Najua sasa warudi juu kusoma tena, watafuta ni lipi hilo la Bi Helena. Usitafute. Hata wewe sikwambii. Na hamu ya kukwambia ninayo, iko hapa mbele yangu, twatazamana.

Mumeo,
Shee