Msiniulize Wimbo wa Kiangazi

Ijumaa, Jeddah. Joto la kunata. Nina hasira tangu juzi, na leo sina nguvu za kuificha.

Wanablogu wenzangu mmekubaliana kwamba mwezi huu kila mtu aandike nyimbo za kiangazi anazozipenda na kumbukumbu zake. Nimesoma zenu. Ufuoni, aiskrimu, mpenzi wa kwanza. Mmenichosha.

Kule Al-Naseem, Riyadh, ninakofanya kazi za ndani, jua linakukausha mate mdomoni kabla hujamaliza kuanika shuka juu ya paa. Hapa Jeddah, walikokuja mabosi wangu kupunga upepo, ukitoka nje nguo inakuganda mwilini kama umemwagiwa uji. Upepo wanaupunga wao. Mimi nimeletwa pamoja na masufuria.

Njia nzima kutoka Riyadh, Lulwa, binti yao mkubwa anayemaliza sekondari, alirudia wimbo mmoja wa Kiarabu wa bahari na mahaba. Nilikaa kiti cha nyuma nimempakata mdogo wake, na mtoto akanitapikia maziwa. Hiyo ndiyo kumbukumbu yangu ya wimbo huo. Mwaweza kuiongeza kwenye zenu.

Wimbo wangu wa kiangazi ni mmoja tu.

Aliutunga dada yangu Dama, kwetu Kaloleni, miezi ile ya Januari ambapo visima hushuka na tukawa tunafua nguo zote siku moja ili kuokoa maji. Dama alikuwa na sauti nene kama ya mwanamume, na hakuwa na haya hata kidogo. Aliutunga kwa Kiswahili makusudi, ili hata majirani wasiojua Kigiriama wacheke.

*Jua usitue, shati halijakauka,*
*mume wangu yu ndani, kajifunga mkeka.*

Ni wimbo wa mzaha. Mume ana shati moja, limefuliwa, na wageni wako njiani. Mama alikuwa akitukemea huku mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Dama alikufa nikiwa huku. Alikuwa akijifungua. Nilimwomba baba, mwenye nyumba, ambaye ndiye kafili wangu, yaani mdhamini wangu wa kazi, aniruhusu niende kumzika. Akasema mafi, hakuna safari mpaka mkataba uishe. Madam, mkewe, akanipa mapumziko ya mchana mmoja. Nililala nikiangalia ukuta, na jioni nikapika wali wa kabsa wa wageni.

Tangu hapo nimekuwa nikiuimba wimbo ule juu ya paa, ninapoanika nguo. Pale tu. Nilidhani niko peke yangu.

Juzi, baada ya chakula cha mchana, shangazi zake Lulwa walikuwa wamejaa sebuleni. Nilipoingia na sinia ya chai, mmoja akaanza kupiga makofi na kukata kiuno. Wengine wakadakia. Walikuwa wakiimba wimbo wa Dama kwa maneno yaliyopinda, "shati halika-kaka, kaka." Hata baba alikuwa akitabasamu.

Nikamuuliza Lulwa, kwa Kiarabu changu cha jikoni, wameutoa wapi. Akanionyesha simu yake, tena kwa furaha. Nilijiona kwa nyuma, kitambaa kimelegea kichwani, nimebana vibanio mdomoni, naimba. Alinivizia mlangoni kule Riyadh akanirekodi. Ameongeza ngoma, ameongeza sauti ya mbuzi, akaurusha mtandaoni.

Sauti ya mbuzi.

"Watu wamekupenda, Kadzo," akasema. "Tazama wanavyocheka."

"Futa."

"Ni wimbo tu."

"Futa sasa hivi."

Madam akasema yalla, chai inapoa. Mimi nikaiweka sinia sakafuni, katikati ya zulia lao, nikasimama. Sijawahi kufanya hivyo katika nyumba ile.

"Huo ni wimbo wa dada yangu aliyekufa," nikasema. "Yule mliyenikatalia kwenda kumzika. Mmebaki na mwili wangu kutwa kucha. Huu hamkupewa."

Shangazi mmoja akaanza kutafuta kiatu chake. Baba hakuniangalia. Akamwambia binti yake, "Halas, futa."

Lulwa akafuta, akalia. Na hapo ndipo hasira yangu ilipokomaa, kwa sababu wote walimkimbilia yeye. Madam alimfuta machozi, shangazi akamkumbatia, mtoto mdogo akampa biskuti. Mimi niliinama nikaokota sinia. Chai ilikuwa bado ya moto, nikawamiminia.

Sijivunii kuwamiminia.

Jana madam alinipeleka Balad, mji mkongwe wa hapa, kumbebea mizigo, akinisemesha kwa upole wa kuudhi, kama mtu anayemlisha paka aliyemkwaruza. Alipoingia duka la vitambaa, nikabaki nje kwenye kivuli cha nyumba zile kuukuu. Mchukuzi mmoja akapita anasukuma toroli lenye marobota, na alikuwa akiuimba. Wimbo wa Dama! Kwa Kiswahili cha Mombasa.

Nikamzuia njia. "Umeutoa wapi huo?"

Akashtuka. "Kwenye simu, dada. Mke wangu hapo mtaa wa Kandara, hapahapa Jeddah, humwimbia mtoto wetu." Kisha akanitazama vizuri. "Haki ya Mungu, si ndiwe wewe?"

Kwa hiyo Lulwa alifuta kitu ambacho tayari kilikuwa kimeshatawanyika. Niliona giza. Nilitaka kumpindulia toroli. Badala yake nikasema, "Kwanza unakosea. Umesema mume wangu yu kazini."

"Kwani si kazini?"

"Kazi gani! Yu ndani! Hana nguo, kajifunga mkeka, shati lake ndilo hilo liko kwenye kamba!"

Akayapanga maneno kichwani. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akaachia toroli na kushika ukuta, na alicheka palepale Dama alipotaka watu wacheke, kwenye mkeka. Hakunicheka mimi. Alimcheka yule mume.

Nilimchukia kwa kunifanya nami nitake kucheka.

"Mola amrehemu aliyeutunga," akasema, ingawa sikuwa nimemwambia kwamba amekufa. Labda uso wangu ulimwambia. "Kuna ubeti mwingine?"

"Hakuna," nikamjibu, nikamgeuzia mgongo.

Nilimdanganya. Upo. Dama aliutunga asubuhi niliyoondoka nyumbani, akaniimbia sikioni wakati mama akinifungia begi. Huo sijawahi kuuimba juu ya paa lolote, na hapa siuandiki. Msiniombe.

Leo asubuhi nimemwambia madam kwamba mkataba ukiisha sisaini mwingine, narudi kwetu. Akasema tutazungumza tukifika Riyadh. Nikamwambia tumeshazungumza. Akafungua friji akajifanya anatafuta kitu, na mimi nikaendelea kumenya vitunguu.

Sina amani. Msije mkaniandikia hapo chini eti samehe, dada, wimbo umeenea, ni baraka. Atakayeandika hivyo nitamzuia. Dama hakuomba kuenea. Alitaka mama acheke na nguo zikauke.

Nitakapofika Kaloleni nitakwenda kwake kabla ya kula, kabla ya kuvua viatu. Naliogopa kaburi ambalo sijaliona. Najiuliza: nikisimama pale mchana, na jua la kwetu utosini, sauti ya kuimba itatoka kweli?

Ikitoka, naanza na ubeti ule.