Wosia Niliouchoma Bigwa

Mwanza

Kwako Mama Mdogo,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umepata nafuu ya mguu, na usingizi umerudi. Mimi ni mzima wa mwili tu. Tangu telegramu ya msiba inifikie Baba akiwa ameshazikwa, chakula hakipiti.

Barua yako nimeisoma mpaka imechanika mikunjo. Unasema Kaka Deo anaonyesha watu wosia wa zamani, ule Baba aliouandika kabla hajakuoa, unaotupa nyumba ya Bigwa sisi watoto wa marehemu mama. Ule mpya, uliokupa nyumba wewe, umeutafuta sandukuni hadi chini ya magazeti, haupo. Unaniuliza kama najua ulipo, kwa sababu siku ya arobaini ukoo utakutoa kwenye nyumba.

Mama, usiutafute tena. Niliuchoma mimi.

Nilipokuja kumuuguza Baba, wewe ulikwenda Matombo kufuata ndizi. Baba alikuwa chumbani, kiharusi kimeshamfunga ulimi. Nilifungua sanduku nikitafuta shuka, nikauona, nikausoma. Bati za ile nyumba zilinunuliwa kwa kiinua mgongo alichopewa Baba kiwanda kilipouzwa, mama yangu akiwa hai, akibeba tofali kichwani. Hasira zikanipanda. Nikautia kwenye jiko la mkaa, nikainjika chai. Uliporudi nikakumiminia kikombe, ukanishukuru.

Nilidhani mpya ukifa, wa zamani unafufuka. Kaka Deo naye anadhani hivyo, ingawa hajui nilichofanya.

Kama unavyojua, huku nafagia mahakama. Juzi palikuwa na shauri la wosia, nikasikiliza mlangoni. Lilipokwisha nikamfuata hakimu.

"Mheshimiwa, mtoto akichoma wosia wa baba yake, umefutika?"

"Baba alimwagiza? Alikuwepo akiona?"

"Hapana. Alikuwa mgonjwa, hawezi kusema."

"Basi haujafutika. Anayefuta wosia ni mwenyewe aliyeuandika, kwa kukusudia. Mashahidi waliotia sahihi wakiwa hai, waje waeleze kilichoandikwa."

"Na kama alikuwa na mwingine wa zamani?"

"Ulikoma alipoandika mpya wa kuufuta. Haurudi kwa sababu karatasi ya pili imeungua. Angeutaka, angeuandika upya mbele ya mashahidi." Akaniangalia. "Nani amechoma?"

"Jirani yetu nyumbani."

"Mwambie jirani yenu hilo ni kosa la jinai. Watu wanafungwa."

Tangu siku ile askari akileta mahabusu najificha stoo na ndoo yangu. Naota niko Kingolwira nalima shamba la magereza. Namwogopa Kaka Deo, unazijua hasira zake. Ila kuliko wote nakuogopa wewe, utakavyoniangalia.

Wewe hukuwepo mashahidi walipotia sahihi, lakini majina yao niliyaona kwenye wosia: katekista wa Matombo, fundi cherehani wa pale misheni, shangazi mkubwa, na baba mdogo. Nadhani wamenyamaza wakidhani Baba aliuharibu mwenyewe. Waendee mapema, uwaambie hakuuharibu.

Nimekata tiketi ya treni, nitafika kabla ya arobaini niseme mwenyewe. Lakini najijua nilivyo mwoga. Naweza kushuka Tabora nikarudi. Kwa hiyo nimeandika haya mbele ya watu wawili, karani wa hapa na mama mwenye nyumba wangu, nao wametia sahihi zao chini. Nisipotokea, usinisubiri. Mpelekee hakimu wa huko barua hii, hata kama itanifunga.

Nisalimie mdogo wangu wa mwisho, umwambie asome. Shangazi mkubwa mpe shikamoo yangu. Kaka Deo usimsalimie bado.

Sikuombi unisamehe leo. Naomba usihame kwenye ile nyumba.

Ni mimi niliyeuchoma, kwa mkono wangu na akili zangu,

Felista Kobelo