Kirikuu la Mama Liko Juu ya Mawe

Jumamosi. Mawingu tangu asubuhi, joto la kubana, na mvua haishuki. Jumatatu nina mtihani wa fasihi na sijafungua kitabu hata kimoja.

Leo tumelilaza gari la Mama.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: ni kirikuu, ile pikapu ndogo nyeupe inayobeba kuliko umbo lake. Mama alikuwa anapakia ndizi hapa soko la Mabibo kabla hakujapambazuka, anawapelekea mama lishe na wenye genge mpaka kule Wazo, kwenye kiwanda cha saruji. Kwetu dereva ni yeye. Baba ni mwalimu wa shule ya msingi na hajawahi kushika usukani. Asubuhi Mama alikuwa anamshusha shuleni kwake, Baba amekaa mbele na madaftari ya wanafunzi mapajani, kimya, kama abiria aliyepewa lifti na mtu asiyemfahamu. Nilikuwa napenda kuwaangalia wakiondoka hivyo.

Kabla ya Pasaka Mama alipata kiharusi. Mkono na mguu wa kulia umelala, na maneno yanamtoka kwa shida. Sasa yuko Tukuyu kwa Bibi, kwa sababu mchana sisi wote tuko shule na hapa hakuna wa kumgeuza wala kumlisha. Daktari alisema itachukua muda. Hakusema muda gani, na Baba hakuuliza. Nilikuwepo. Hakuuliza.

Tangu hapo gari lilikuwa limekaa uani. Wiki iliyopita Fundi Saidi, ambaye amelitengeneza miaka yote, alipita kutusalimia akalizunguka mara mbili. Matairi yalikuwa yameanza kubonyea upande mmoja, na panya walishaonja nyaya. Akamwambia Baba, "Mwalimu, gari halipendi kukaa. Tafuta dereva, au uza, mteja ninaye, au tulilaze kwa heshima. Hivi unavyofanya ni kuliua."

Baba akasema atafikiri. Wiki nzima akafikiri bila kufungua mdomo.

Leo asubuhi aliniambia nilioshe gari ndani na nje, isibaki hata punje ya chakula. Ndiyo yote aliyosema. Sasa, gari linaoshwa hivyo likienda kulazwa, maana makombo yanaita panya. Lakini linaoshwa hivyo hivyo mteja akija kuliona. Sikujua nalitunza au naliaga. Mimi ni mtu wa kutouliza, nimerithi.

Nikaanza. Chini ya kiti kulikuwa na maganda ya karanga, kitana chenye nywele zake, na vumbi la saruji la Wazo lililoganda kwenye kila mfereji. Juu ya kiti kulikuwa na ule mto wake uliovishwa khanga, maana Mama ni mfupi na bila mto haoni barabara. Na kila kitu kilikuwa na harufu yake, ndizi mbivu na mafuta ya nazi.

Nimesugua harufu ya mama yangu kwa sabuni ya unga.

Nilivyomaliza, gari lilikuwa linanukia kama la mtu yeyote.

Mto nao nikaufua, nikauanika kwenye kamba.

Saa nne Fundi Saidi akaja na jeki, na nyuma yake mkokoteni wenye mawe makubwa na vipande vya mbao. Nilipoona mawe nikapumua. Hakuna anayepandisha juu ya mawe gari la kuuza kesho. Halafu nikawaza, lakini pia hakuna anayepandisha juu ya mawe gari la mtu anayerudi kesho. Pumzi yangu ikaishia hapo.

Kazi yenyewe ina utaratibu. Tangi lijae, likibaki tupu linashika kutu kwa ndani. Hendibreki isivutwe, breki zitaganda. Eksozi izibwe kwa kitambaa, panya wasifanye nyumba. Betri itolewe kabisa. Jeki inainua kona moja, jiwe linaingia, mbao juu yake, gurudumu linatoka, tunahamia kona nyingine. Kabla ya kutoa, kila tairi liandikwe lilikokuwa, ili siku ya kurudisha kila moja lirudi mahali pake. Fundi akanipa kazi hiyo. "Andika wewe Atu, msomi. Mwandiko wangu hata mke wangu hausomi, ndiyo maana ndoa imedumu." Nikaandika kwa chaki ya Baba: mbele kushoto, mbele kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia.

Baba hakucheka. Alikuwa ameshika mbao kwa mikono miwili kama anasubiri kuitwa jina.

Mama Zuhura, jirani yetu, akachungulia juu ya ukuta. "Mwalimu, ndo limekufa hivyo?"

"Limelala," Baba akasema.

"Haya. Mungu aliamshe." Kichwa kikashuka.

Mtaani kwetu gari juu ya mawe ni tangazo. Ukitembea kwenye magereji ya Manzese unayaona, yana majani mpaka dirishani, kuku wanataga ndani, na hakuna anayekumbuka yalikuwa ya nani. Tulipofunga turubai na kamba nilishindwa kutazama chini, pale miguu ilipokuwa. Baba akasema matairi atayahifadhi mwenyewe. Nikaenda kuoga.

Na hapo ndipo tulipokosea. Tulisahau kwamba leo ni Jumamosi.

Kila Jumamosi jioni Bibi hupiga simu na kumwekea Mama sikioni. Mama husema neno moja tu: "Honi." Zamani alikuwa anapiga honi mbili fupi getini, tujue amerudi tumfungulie. Kwa hiyo Baba hupeleka simu uani, mimi nabonyeza mara mbili, na kule Tukuyu Mama anaguna. Basi, wiki imeisha. Kuhusu kulaza gari, Baba alikuwa hajamwambia. Aliogopa Mama atakata tamaa.

Simu ikaita. Baba akaweka sauti ya juu.

"Ho... ni."

Baba akatoka uani, nami nyuma yake. Akasimama mbele ya turubai. Betri ilikuwa stoo, juu ya ubao.

Nikasema mimi, ambaye hata darasani sinyooshi mkono. "Mama, shikamoo. Tumelipandisha juu ya mawe. Betri tumetoa."

Nilisikia mvua ya Tukuyu kwenye bati.

Halafu Mama akasema, "Uzeni."

Neno zima, bila kukwama. Tangu augue sijamsikia akitamka neno zima hivyo, na kwa nini liwe hilo.

Baba akaishika simu karibu na mdomo. "Hatuuzi, Mama Atu. Matairi yako nimeyaweka chumbani, upande wako wa kitanda. Yananuka. Lakini nitazoea."

Kutoka kule ikaja sauti ndefu iliyovunjika vunjika. Sijui alikuwa anacheka au analia. Tangu augue, vitu hivyo viwili vina sauti moja. Nadhani hata Baba hakujua, lakini aliendelea kushika simu mpaka Bibi alipoikata.

Baadaye nilipita mlangoni kwao. Yapo kweli, manne, yamepangwa juu ya ubao, chaki yangu bado inasomeka. Juu kabisa ameweka ule mto, haujakauka vizuri.

Fundi amesema kila Jumamosi mtu afunue turubai, akague panya, abadilishe vidonge vya kufukuzia wadudu. Nimesema kazi hiyo ni yangu. Nikasahau kumuuliza ni Jumamosi ngapi.

Hapana. Sikusahau.

Sikuuliza.