Nililipa Kama Ndugu

Jumatatu, 3 Machi

Nimenyoa vichwa kumi na vinne leo. Masikio ishirini na nane, na yote yanasikia! Hata yale ya mzee wa duka la vipuri, yaliyojaa nywele kama brashi, yanasikia umbea wa mtaa wa tatu. Ya Mama tu ndiyo yamegoma.

Nimerudi nyumbani, nimebisha, nimeita, nimeingia. Mama kaupa mlango mgongo, anakunja nguo alizokwisha kuzikunja. Nimemgusa bega, karuka. Kila jioni namshtua mama yangu mwenyewe kama mwizi.

Huyu mama zamani alikuwa anaongea mpaka sufuria inaungulia jikoni. Sasa hasikii, basi na kuongea kaacha. Mazungumzo yetu yote yamo kwenye daftari. Naandika, anasoma, anatikisa kichwa. Daktari wa masikio alishasema: sikio likikaa muda mrefu bila sauti, akili nayo inasahau kusikia, msichelewe. Rahisi kusema! Kifaa cha kusikia alichonionyesha, kwa bei yake ningefungua saluni nyingine.

Leo nimekiona mtandaoni. Kile kile, au pacha wake. Muuzaji ni mwanamke. Anasema mama mkwe wake alikivaa miezi miwili tu, akafariki. Bei yake kwangu ni vichwa mia mbili. (Pesa nazihesabu kwa vichwa, vinginevyo sizielewi.) Nimetanguliza sitini kwa ile huduma ya malipo ya mtandaoni. Nao wakakata vitano! Ada ya kutuma, ada ya kubadilisha pesa, ada ya "ulinzi wa mnunuzi". Vichwa vitano ni asubuhi nzima nimesimama kwa miguu hii.

Haya. Mdogo wangu atajifungua mwisho wa mwezi huko mbali alikoolewa. Jana Mama kaandika kwenye daftari kwa mkono wake: Nataka kumsikia mtoto akilia. Hata mara moja.

Jumatano, 5 Machi

Kiti cha pili cha saluni nimekiuza. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara kakichukua, hata hakubishana bei. Hapo nilipaswa kushtuka — nimeuza kwa hasara.

Nikataka kumalizia malipo, vichwa mia na arobaini. Kuangalia makato: kumi na moja! Nikamwandikia muuzaji kwamba nasubiri kidogo. Akajibu papo hapo. Usiwape hao wanyonyaji, kaka yangu. Bonyeza palipoandikwa "ndugu au rafiki", hawakati kitu. Kwani sisi si ndugu sasa?

Tangu juzi ananiita kaka. Kila asubuhi anamuulizia Mama, kalala vipi, kala nini. Wateja wangu wa miaka kumi hawajawahi kuniuliza hivyo. Nikabonyeza. Yakatokea maandishi madogo madogo, nikayabonyeza nayo yakaondoka. Nani anayasoma yale?

Dada wa wakala, mwenye kibanda cha kuweka na kutoa pesa ukuta mmoja na mimi, namwita Makato na hakasiriki. Nikamsimulia ujanja wangu. Akaacha kuhesabu noti. Rahisi huvunja upishi, kaka, akasema. Nikamwambia wewe lazima utetee makato, ndiyo jina lako! Tukacheka sana.

Jumanne, 11 Machi

Hakijafika. Muuzaji anasema kipo njiani.

Jumanne, 18 Machi

Bado kipo njiani. Njia gani hiyo? Nimemwandikia mara tatu. "Subira, kaka." Hamuulizii Mama tena.

Wateja wanasubiri kiti kimoja, wengine wanachoka wanavuka barabara kwenda kukalia kiti changu cha zamani. Nawaona kutoka hapa.

Jumamosi, 22 Machi

Kimefika!

Nimefunga saluni saa nane mchana, Jumamosi, siku ya pesa. Nimekimbia nacho nyumbani. Boksi zuri, la bluu, lina sumaku. Mama kalishika kwa mikono miwili kabla hata sijalifungua. Macho yamemjaa machozi.

Cha ndani si cha kwenye picha. Kikubwa zaidi, plastiki nyepesi, mshono wa gundi unaonekana. Nimemvisha. Masikio nayajua, nimeyapinda na kuyakunjua miaka ishirini na mbili. Nikawasha, kikapiga mluzi mpaka mimi nikaziba masikio. Mama akakunja uso. Nikapunguza. Nikasema, Mama. Kimya. Mama! Kimya. Nikapiga kelele: MAMA!

Akaniangalia mdomo. Halafu akatabasamu tabasamu ambalo sijaliona mwaka mzima. Naam, baba, akasema. Nakusikia.

Nimelia mbele yake kama mtoto. Lakini ule mluzi siupendi.

Jumatatu, 24 Machi

Nimefungua malalamiko. Kitu si kile cha kwenye picha, nataka haki yangu. Si nililipia ulinzi?

Kwanza kikanijibu kidude kisicho na roho. Habari, naweza kukusaidia nini? Nikaeleza. Samahani, sijaelewa, chagua moja hadi sita. Nikachagua nne, kikanirudisha kwenye moja. Nikaandika tusi. Hilo kikalielewa! Kikaniletea mtu.

Mtu mwenyewe ana adabu kama mhudumu wa mazishi. Anasema malipo ya kwanza yana ulinzi, yatachunguzwa. Ya pili niliyatuma mwenyewe kwa ndugu au rafiki, na kwa hesabu yao hiyo ni zawadi. Zawadi haina ulinzi. Nikamwambia huyo si ndugu yangu, simjui hata kwa sura! Akaniuliza, kwa upole kabisa: kwa nini basi ulisema ni ndugu yako?

Nilikuwa naokoa vichwa kumi na moja, nikapoteza mia na arobaini.

Makato kaniona nilivyokaa. Hakusema "nilikwambia". Kaniletea chai tu, akakaa. Ningependa angesema.

Jumatano, 26 Machi

Mama ni mtu mpya. Anatoka nje, anakaa barazani, anasalimia wapita njia kabla hawajamsalimia. Anaongea! Yeye tu ndiye anayeongea, mfululizo, hakuachii nafasi ya kutia neno. Jirani anasema mama yako kapona, hongera.

Daftari silioni. Nimemuuliza kwa ishara. Kacheka. La nini tena, baba, na mimi nasikia? Kaliweka wapi, hasemi.

Boksi la bluu kalifanya la vifungo vya nguo na sindano. Analifungua na kulifunga, analifungua na kulifunga, kwa ile sumaku.

Alhamisi, 27 Machi

Mama alipoingia kuoga nilikichukua kile kifaa. Nikakitia sikioni mwangu, hili zima.

Hakuna kitu. Hata mluzi hakuna. Nikabadilisha betri, nikaweka mpya niliyonunua leo. Hakuna. Nikakigonga mezani, nikakitikisa. Kimekufa. Kimekufa tangu lini? Labda tangu ile Jumamosi.

Nimekirudisha palepale juu ya taulo. Akatoka, akakivaa, akakiwasha kwa kidole, kwa makini. Akaniambia, leo hata ndege nimewasikia asubuhi.

Yaani alijua. Kiti cha pili alijua nimekiuza, si anapita saluni kila Ijumaa? Mama yangu ananidanganya ili nisiumie. Na mimi nikaitikia kwa kichwa, nikasema, vizuri, Mama. Nimeumia mpaka basi.

Jumapili, 30 Machi

Mdogo wangu kajifungua. Msichana. Wote wazima!

Kapiga simu ya video saa kumi. Nimeiegemeza simu kwenye chupa ya maji, nikamkalisha Mama mbele yake. Mdogo wangu kitandani, kachoka, anacheka. Mtoto kifuani kwake — kalala. Usingizi mzito, mdomo wazi kidogo kama wanavyolala watoto wachanga, anapumua kwa mdomo. Hata mguno hakutoa.

Mama akainama mpaka pua ikagusa kioo. Akaweka kidole kwenye kifaa. Akapiga kofi mapajani.

Msikie anavyolia! akasema. Msikie! Sauti kama ya mama yake, alikuwa anaamsha mtaa mzima huyu!

Mdogo wangu akaniangalia mimi. Nami nikamwangalia yeye. Kule nyuma nesi alikuwa anaongea na mtu kitu cha kawaida kabisa, nadhani kuhusu mashuka. Mdogo wangu akasema, ndiyo, Mama, analia sana huyu. Akaangalia pembeni, simu ikakatika. Au aliikata.

Mama kashinda jioni yote akinisimulia kilio cha mjukuu. Alivyoanza taratibu, alivyopandisha.

Jumanne, 1 Aprili

Nimepita kwa daktari bila kumwambia Mama. Anasema hospitali sasa ina mpango. Unatanguliza kidogo, wanampima, wanamvisha kifaa halisi, unamalizia kila mwezi. Cha kutanguliza ni kama vichwa arobaini. Lakini alete sikio haraka, kasema. Kila wiki nafasi ya kusikia inapungua.

Nimemwambia Mama, kwa mdomo na mikono, twende kwa daktari. Hilo alilielewa upesi sana. Daktari wa nini? Unataka kutupa pesa tena? Nasikia, baba!

Vichwa arobaini sina. Kodi ya saluni inanisubiri, na kiti ni kimoja.

Ijumaa, 4 Aprili

Majibu ya kesi yamekuja. Nimeyasoma mara nne, mara ya tano Makato kanisomea.

Malipo ya kwanza, vichwa sitini, watarudisha. (Ada hairudi. Ada hairudi hata siku ya kiyama!) Ya pili hayarudi, na muuzaji hapatikani, kafunga ukurasa. Lakini kuna sharti. Kifaa kirudishwe kwenye anwani waliyoitoa, ndani ya boksi lake, kwa gharama ya mnunuzi, kabla ya saa sita mchana Ijumaa ijayo. Kisipofika ofisi ya vifurushi, kesi imefungwa.

Gharama ya kukituma ni ishirini. Makato kapiga hesabu kwenye kiganja: sitini toa ishirini. Arobaini, kaka! Za hospitali hizo! Kafurahi kuliko mimi. Kasema hizo ishirini atanikopesha, bila makato.

Nimeshukuru. Sikumwambia kwamba kifaa kiko sikioni mwa Mama, na kwamba mchana wote hakitoki hapo.

Jumatano, 9 Aprili

Ningeweza kukichukua akiwa anaoga. Ningesema kimeanguka, kimevunjika. Uongo juu ya uongo. Na boksi je? Vifungo vyote vile nivimwage wapi?

Nimeandika kwenye karatasi, kwa herufi kubwa: Mama, kile kifaa ni kibovu. Twende kwa daktari, kuna kingine. Nimeiweka mbele yake mezani. Akaigeuza upande wa pili bila kuisoma, akaifanya ya kufutia miwani.

Ukitaka kuniambia kitu, akasema, niambie kwa mdomo kama binadamu. Mambo ya kuandikiana yameisha.

Zamani kwa daftari nilikuwa namfikia. Sasa hata humo simfikii.

Ijumaa, 11 Aprili

Saa tatu. Mwisho wa kutuma ni saa sita. Sijafungua saluni. Makato kanipigia mara mbili.

Saa nne na nusu. Mama yuko barazani, anamsimulia jirani jinsi mjukuu anavyolia. Nimesimama mlangoni, nikaita. Hakugeuka. Nikaita tena. Jirani akaniangalia kwa huruma, akamgusa Mama goti, akanionyesha mimi kwa kidevu. Mama akageuka haraka: nilikusikia tangu mwanzo, baba, nilikuwa namalizia maneno.

Jirani akaaga, eti kaacha kitu jikoni.

Nikaketi mbele yake. Karatasi hataki, basi nikamwambia kwa mdomo. Yote. Kwamba nimetapeliwa kwa ubahili wangu mwenyewe. Kwamba nilimwita mwizi ndugu. Kwamba kile kifaa kimekufa na mimi nimejua muda wote. Kwamba mtoto alikuwa amelala, Mama, mtoto hakulia! Kwamba namuomba anipe kile kitu na boksi lake, sasa hivi, nimlipie kinachosikia kweli. Nililisema hilo mara mbili. Machozi yalikuwa yananitoka, sauti ikawa kubwa, nadhani mtaa mzima umesikia.

Yeye alikuwa anaufuata mdomo wangu. Anaitikia kwa kichwa pale anapoona nimevuta pumzi. Nilipomaliza akanifuta uso kwa ncha ya kanga yake.

Nimekusikia, baba, akasema. Neno kwa neno. Na mimi nafurahi vilevile, usilie.

Halafu akashika kifaa kwa kidole, akakiongeza sauti, akaingia ndani kunichemshia chai.

Saa tano na dakika arobaini. Makato anapiga simu tena. Inaita hapa mezani, karibu na boksi la bluu, na Mama jikoni anauliza chai niitie sukari ngapi —